Kwa Nini Mbega Hana Dole Gumba

Siku hizi mtu akiona tawi limeegemea bati la nyumba yake anapiga simu, nasi tunakuja na misumeno ya mnyororo, kofia ngumu, mikanda na kamba, tunauamsha mtaa mzima kwa kelele, kisha tunaomba maji ya kunywa. Mnatuona juu kule mnadhani kazi hii tulizaliwa nayo. Sivyo. Zilikuwepo zama ambapo upogoaji wa miti haukuwa kazi ya binadamu hata kidogo. Binadamu wa zama hizo alikuwa anaogopa hata kitanda kirefu. Miti ilikuwa mikononi mwa mbega, na mbega wa wakati huo alikuwa na vidole vitano kila mkono kama mimi na wewe, dole gumba nene, lenye nguvu, limekaa mahali pake.

Habari hii niliipokea kwa walionifundisha kupanda. Niliisikia kwanza Upareni, nikaisikia tena Lushoto, na hata nje ya nchi, kule Kitwe, nilikokwenda kukata mikaratusi nikarudi na mguu mmoja ndani ya plasta, mlinzi wa hospitali alinisimulia akidhani yeye ndiye wa kwanza. Kila mahali wanabadilisha aina ya mti. Dole halibadiliki.

Basi katika milima ya Upare aliishi mbega aliyeitwa Fundi. Hakuongezewa jina lingine, kwa kuwa hapakuwa na fundi wa pili wa kumchanganya naye. Alifanya kazi pamoja na Kima, ambaye alimwita shemeji kwa sababu ambazo koo zao hazijawahi kuzieleza vizuri. Kima alikuwa mtu wa juu, na panga lake kiunoni. Fundi alikuwa mtu wa chini, mwenye kamba.

Msiwadharau watu wa chini. Tawi lililo juu ya nyumba halikatwi likaachwa lianguke lenyewe. Hufungwa kamba, kamba hupitishwa kwenye panda ya juu ya mti, na ncha yake hushuka mpaka kwa anayeishika. Tawi likikatika linabaki linaning'inia, naye analiteremsha taratibu kama ndoo kisimani. Anayetazamwa na majirani ni yule wa juu, lakini uhai wa nyumba uko kwa wa chini.

Mwenye busara aliizungusha kamba kwenye shina, ili mti wenyewe ubebe uzito wa tawi lake. Fundi hakufanya hivyo. Yeye aliizungusha kiganjani, akaimalizia kwa kuinasa kwenye dole gumba, kisha akasimama, mkono mwingine kiunoni, akiwasalimu akina mama waliopita na kuwauliza habari za mifugo huku tawi zima likishuka nyuma yake. Watu waliacha palizi wakaja kumtazama.

"Shemeji," Kima alizoea kumwambia kutoka juu, "hilo shina halina kazi nyingine leo. Lizungushie kamba."

"Nikihitaji msaada wa mti nitauomba," Fundi alijibu.

Na kweli, hakuwahi kushindwa.

Sasa, palikuwa na kijana mkulima aliyeitwa Mbazi. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi, na nyuma yake ulisimama mringaringa mkubwa. Msimu mmoja wa mvua ulikuja upepo usio na adabu ukalipasua tawi kubwa kuliko yote, pale kwapani linapoungana na shina. Kulipokucha tawi lilikuwa limeinama juu ya paa, limeshikwa na nyuzi chache za mti, linalalamika kila likiguswa na upepo. Ndani ya nyumba hiyo mkewe Mbazi, Nanzia, alikuwa ameshikwa na uchungu wa mtoto wao wa kwanza, na aliyemshikilia ni mama mkwe wake, Bibi Nakijwa, mkunga ambaye hata machifu waliitika alipoita.

Mbazi aliingiza kichwa mlangoni akasema mama, tawi linakuja, tumtoe mke wangu nje.

"Huyu hatoki," Bibi Nakijwa alisema bila kugeuka. "Mtoto ameshashika njia. Ondoa mti."

Mbazi akakimbia mpaka kwa Fundi, pumzi zimemwishia. "Fundi, tawi liko juu ya mke wangu."

"Liko juu ya paa," Fundi alisema akichukua kamba zake. "Mke wako yuko chini ya paa. Tutaanza na paa."

Walipofika Fundi aliliangalia tawi kama mtu anavyomwangalia jirani yake wa siku zote. Alilijua. Wakati wa kiangazi alikuwa amekaa juu yake akila kunde, na uzito wake aliukumbuka vizuri. Alichosahau ni kwamba kiangazi kilikuwa kimepita. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kila jani la mringaringa ni pana kama sahani. Kima alipofika juu na kulifunga tawi, maji yalimtiririkia mpaka kwenye mkia.

"Shemeji, huku juu ni kisima kitupu. Majani yamebeba mvua yote ya jana. Leo izungushe kwenye shina, nakuomba, hata kama ni kwa kunifurahisha mimi."

Fundi alikuwa ameshaizungusha kiganjani. Uani palikuwa na majirani, nao walikuwa wakimtazama. "Wewe kata, Kima. Hayo mengine tutayaongea kwenye kibuyu cha pombe ya dengelua."

Kima akakata.

Tawi halikuning'inia. Lilishuka lote kwa mkupuo, kamba ikapita kwenye panda ikitoa moshi, na Fundi, ambaye hakuwahi kuvutwa na kitu chochote, akaburutwa uani kwa makalio mpaka miguu yake ilipogonga shina. Hapo akajikaza. Tawi likasimama kidogo, likateleza, likasimama tena, likateleza. Kamba ilikuwa imelikaba dole lake gumba kama mtego wa ndege, na kila tawi liliposhuka ilizidi kubana.

Nafasi ya kujiokoa alikuwa nayo, na hili wasimuliaji wote wanakubaliana. Angefungua vidole vinne na kuulegeza mkono, kamba ingemchomoka ikamwachia dole lake, limechubuka tu. Na tawi lingeingia ndani.

"Achia!" Kima alipiga kelele. "Shemeji, achia mkono."

Kutoka ndani ya nyumba sauti ya Nanzia ikasikika, na safari hii haikuwa ya kulia. Ilikuwa ya mtu anayesukuma. Nyuma yake sauti ya Bibi Nakijwa, tulivu kabisa, ikimwambia tena, mwanangu, tena.

Wapo wasemao Fundi alifikiri kwanza kuhusu jina lake, wengine wanasema alimfikiria mtoto. Mimi naona hakufikiri. Alifunga ngumi.

Tawi likasimama kiasi cha kiganja kimoja juu ya nyasi za paa, majani yake yakidondosha maji mlangoni. Kamba haikusogea tena. Fundi akageuza shingo taratibu, akamtafuta Mbazi, ambaye muda wote huo alikuwa amesimama mikono kichwani kama mtu aliyetua mtungi akasahau kushusha mikono.

"Mbazi. Toa mikono kichwani. Shika mkia wa kamba, hapo nyuma yangu, uzungushe kwenye shina."

"Niuzungushe mara ngapi?"

"Mpaka nitakapoacha kukutukana."

Mbazi akazunguka na kamba, akizunguka na matusi, mpaka kamba ikalishika shina, na shina likaupokea ule uzito bila hata kutikisika. Fundi akaihisi kamba ikilegea mkononi mwake. Kitu kilichotaka kumtoa roho, mti ulikuwa umekibeba kama mama anavyobeba mtoto mgongoni. Alikitazama kwa muda. Mbazi, akiambiwa lini aachie na lini akaze, akaliteremsha tawi pembeni ya nyumba mpaka likalala kwenye migomba, na kabla halijatulia vizuri, kilio chembamba kikatoka ndani ya nyumba, na majirani waliokuwa wameziba midomo wakapiga vigelegele.

Bibi Nakijwa akatoka akijifuta mikono. "Ni msichana," alisema. "Kwa kelele zenu nilidhani atarudi alikotoka." Kisha akaona damu kwenye mizizi ya mringaringa. Akaufuata mkono wa Fundi, akaufungua kidole kwa kidole, akafika mwisho mapema kuliko alivyotarajia.

"Kidole kiko wapi?"

"Asubuhi nilikuwa nacho, mama."

Bibi alimketisha kwenye kigogo, akatafuna majani anayoyajua yeye, akayabandika na kumfunga kwa kipande cha nguo kilichokuwa kimeandaliwa kwa ajili ya mtoto. Akakaza fundo la mwisho. "Mjukuu wangu ana vidole kumi," alisema. "Nimevihesabu. Akikua nitamwambia ana kumi na kimoja."

Kidonda kilipona, lakini kamba haikushikika tena. Kila Fundi alipoishika ilimponyoka, kwani kamba hushikwa na dole gumba, vidole vingine ni wasindikizaji. Akamwita Mbazi, akamkabidhi kamba zote, pamoja na panga na shoka la Kima, ambaye hakutaka kupanda tena bila shemeji yake chini, akakaa kwenye jiwe akamfundisha. Walimwengu hawajapata mwalimu mwenye mdomo mchafu kama yule. Lakini somo lake la kwanza, na la pili, na la kila siku, lilikuwa shina. Kamba kwenye shina. Ukiwa na nguvu, kwenye shina. Ukitazamwa na watu, hasa ukitazamwa na watu, kwenye shina. Mbazi alipoweza kuteremsha tawi lenye maji bila kuvunja yai chini yake, Fundi aliinuka, akajikung'uta, akaenda zake msituni.

Huko alikutana na jambo ambalo hakulitarajia. Mkono usio na dole hunasa tawi kama ndoano na kuliachia bila kuulizwa. Akaruka kutoka mti hadi mti, akaruka umbali ambao zamani asingethubutu, hakuna kilichomkwamisha. Akashangaa jinsi dole lile lilivyokuwa likimchelewesha. Wanawe wakazaliwa hivyo hivyo, na wajukuu wake pia. Na tangu siku hiyo mbega hana dole gumba. Mahali pake pana kinundu kidogo tu. Hashiki chombo cha mtu, ardhini hashuki ila kwa dharura, na kwa kuruka hana mpinzani. Kima alibaki na vidole vyake vyote, na wenye mashamba ya mahindi wanajua anavyovitumia.

Na sisi, tangu siku hiyo, kazi ikawa yetu. Kamba huzungushwa kwenye shina, na kabla wa juu hajakata, wa chini huinua mikono yote miwili, amefunga ngumi, madole gumba yamesimama wima, ili mwenzake aone hakuna kamba iliyonaswa hapo. Wapita njia hudhani tunasema mambo ni mazuri. Bodaboda huturudishia ishara wakicheka, nasi tunawaachia furaha yao.

Tukifanya kazi karibu na msitu, mara nyingine mbega husikia misumeno yetu wakaja. Hukaa kwenye mti wa jirani, wamepangana, mabega yao meupe, hawapigi kelele. Tunazima mashine. Wa chini anainua madole yake. Mbega mkubwa anayatazama, kwanza moja, kisha la pili, halafu anageuka na kuondoka na watu wake. Hapo ndipo tunapokata.