Chumba Kimoja cha Palermo

Jumamosi, tarehe 21 Machi 2026. Asubuhi hiyo mvua iliyochanganyika na theluji ilikuwa ikinyesha Vårby gård, kitongoji kimoja cha Uswidi, na ukungu ulikuwa umezimeza nyumba za ng'ambo kama pazia zito.

Gaudiosa alikuwa mezani, rozari mkono mmoja, simu mkono wa pili. Mwezi Mei yeye na mumewe, Deusdedit, wangetimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Tiketi za ndege za kwenda Palermo, mji wa pwani huko Italia, walikwisha kuzikata. Palibaki mahali pa kulala tu. Deusdedit alikuwa na ombi moja: hoteli iwe na lifti. Magoti yake yalikuwa yakingoja upasuaji, naye alitamani kushuka ufukweni na mkewe kila asubuhi.

"Nimeipata!" Gaudiosa alisema. "Nyumba ya zamani, vyumba sita tu, bahari mlangoni. Lifti ipo! Kimebaki chumba kimoja."

"Kichukue, Mama Hanna."

"Baba Hanna, jambo la jubilei halifanywi kwa pupa. Mchana jumuiya yetu ya sala inakuja. Tuliombee kwanza."

Jumuiya ilikuja, ikasali, ikanywa chai. Gaudiosa alipoitoa nia yake, simu ilianza kupita mkono kwa mkono, na sala ikageuka kamati.

"Hii haina bwawa la kuogelea," alisema Mwaura, Mkenya aliyependa mazoezi.

"Na hiyo bahari mlangoni ni ya nini?" Deusdedit aliuliza.

"Bahari ina chumvi, mzee."

Alphonse, Mkongo, alitikisa kichwa. "Pardon, Mama Hanna. Miaka yote ile ya ndoa, halafu chumba bila roshani? Mutaangaliana ninyi wawili tu?"

Watu wakacheka. Veneranda, mwanajumuiya mwingine, akataka hoteli iwe karibu na kanisa ili wasikie kengele. Papo hapo akakumbuka kwamba kengele hunyima watu usingizi. Kichwa cha Gaudiosa kilizunguka kama pia. Yenye roshani haikuwa na bwawa. Yenye bwawa ilikuwa mbali na kanisa. Alifungua hii, akafunga ile, hata asijue tena alichokuwa akikitafuta.

"Hii ya samawati ina kila kitu!" alisema hatimaye.

Binti yao Hanna, aliyezoea kuwajibu wazazi kwa Kiswidi, alichungulia. "Men mamma, den ligger i Neapel!"

Kweli, ilikuwa Napoli, mji mwingine kabisa. Gaudiosa alifumba macho. "Ee Bwana, nionyeshe moja tu."

"Bwana alikuonyesha asubuhi, mke wangu," Deusdedit alisema kwa upole.

Maneno hayo yalimchoma. Alirudi upesi kwenye hoteli ile ya kwanza. Chumba kilikuwa kimechukuliwa. Alitafuta tena. Nyingine zote walizoweza kuzilipia zilikuwa zimejaa, isipokuwa moja: chumba cha ghorofa ya nne, roshani nzuri, ngazi tupu. Lifti hakuna. Akakilipia, kwa kuogopa kukosa hata hicho.

Mwaura alijifanya anakoroga chai ambayo ilikwisha kitambo.

"Basi, bahari nitaibariki kutoka juu kama askofu," Deusdedit alisema huku akiyapapasa magoti yake. Watu walicheka kidogo, lakini Gaudiosa aliona jinsi macho ya mumewe yalivyokuwa yamezama.

Akasimama, akamshika mkono, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni: "Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, naahidi. Siku utakayoweza kushuka, bega langu litakuwa chini ya mkono wako ngazi hadi ngazi. Siku utakayoshindwa, nami sishuki."

"Amina," jumuiya ikaitikia. Hakika, mchagua nazi hupata koroma.