Mchungaji Nungunungu na Kilio Kilichopigiwa Makofi

Paukwa!

Pakawa!

Watoto mmeitika vizuri. Wakubwa kule nyuma mmeguna tu, na hadithi hii ni yenu hasa. Haya, tena. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, ila si kale mno, maana spika zilikwisha kuwepo, wanyama wa Bonde la Mikunde walikuwa na kanisa. Kanisa dogo. Paa la nyasi, mabenchi ya magogo. Mchungaji wao alikuwa Nungunungu. Alihubiri polepole, akahubiri kwa kirefu, na wengine wakasinzia. Lakini mnyama akiugua, ibada ikiisha wote walikwenda kwake, huyu na kuni, huyu na maji.

Siku moja Kasuku akarudi kutoka mjini. Puru! Akatua juu ya mimbari. Amevaa miwani myeusi. Alikuwa ameishi miaka mitatu kwenye tundu la ukumbi wa dansi, na huko alijifunza kusema kila kitu.

"Bwana asifiwe, Mchungaji!"

"Amen, Kasuku. Karibu nyumbani."

"Nyumbani kumepoa! Vijana wa Swala wako wapi?"

Nungunungu akalaza miba. "Wamevuka mto. Wanasema ng'ambo kuna kanisa lenye taa."

"Basi na sisi tuweke taa!"

Jambo hilo lilimuuma Nungunungu siku nyingi. Alikuwa akihubiria mabenchi matupu. Akakubali.

Jumapili ya kwanza zikaja spika. Ndu! Ndu! Ndu! Swala wakarudi mbio. Nungunungu akafurahi mpaka miba ikasimama.

Jumapili ya pili zikaja taa. Nyekundu, kijani, zambarau. Ndu! Ndu! Ndu! Pundamilia wakaja kundi zima, na hakuna aliyejua tena mistari yao ni ya rangi gani.

Jumapili ya tatu ukaja moshi wa jukwaani. Fuuuu! Nyati wa benchi la nyuma akadhani kanisa linaungua, akatoka na ukuta. Kasuku akasema ni vizuri, hewa itaingia.

"Sasa, Mchungaji, mahubiri. Dakika saba zinatosha."

"Saba? Salamu zangu tu ni dakika kumi!"

"Na hilo neno toba liache. Linawanyima waumini raha."

"Niseme nini basi?"

"Sema: huu ni msimu wako wa kung'ara. Kila wiki."

"Hata kwa Kanga aliyefiwa?"

"Huyo ndiye wa kwanza!"

Nungunungu akasema hivyo, wakamshangilia. Akavalishwa koti la kumeremeta, miba ikalitoboa, wakashangilia zaidi. Akaitwa Mtume. Wiki iliyofuata akaitwa Mtume na Nabii. Wiki nyingine Mtume, Nabii na Jenerali. Akaanza kuitika.

Lakini kwaya ilikuwa na Bi. Punda. Aliimba kwa moyo wote, na sauti yake mnaijua. Hiii-hoo! Hiii-hoo!

"Huyu anaharibu rekodi," Kasuku akasema.

"Ameimba hapa tangu sijawa mchungaji."

"Basi mpe cheo. Mkuu wa mapokezi. Akae getini."

Nungunungu akamweleza Bi. Punda, huku akitazama pembeni. Bi. Punda akajitanda kanga yake, akaelekea getini. "Sawa, Mchungaji. Mungu yuko na huku nje."

Ikafika Jumapili ya kurusha ibada mubashara. Nyani wameshika kamera. Sokwe yuko kwenye ngoma. Ndu! Ndu! Ndu! Moshi, fuuuu! Mara Mama Digidigi akaingia mbio, macho yamemtoka. Akarukia jukwaani.

"Mtoto wangu! Mtoto wangu ametumbukia kisimani!"

Kasuku akamsogezea maikrofoni. "Sema tena, mama!"

"Ametumbukia!"

"Ameeen! Ametumbukia kwenye baraka!"

Sokwe akalidaka neno, akalitia kwenye ngoma. A-me-tu-mbu-ki-a! Ndu! A-me-tu-mbu-ki-a! Ndu! Swala wakaruka juu. Pundamilia wakazunguka. Nungunungu, ndani ya moshi, akaona mama anatetemeka na kulia. Akajisemea, kweli leo Roho ameshuka. Akapiga makofi. Pa! Pa! Pa!

Mama Digidigi akamshika koti. "Mchungaji, nisaidie!"

Nungunungu akamwekea mkono kichwani. "Pokea, mama! Huu ni msimu wako wa kung'ara!"

Wote wakaanguka kwa shangwe.

Mama Digidigi akatoka nje huku anayumba. Getini, Bi. Punda akamuuliza neno moja tu.

"Wapi?"

"Kisima kikavu."

Bi. Punda akaikata kwa meno kamba iliyoshikilia bango la picha ya Mtume. Bango likaanguka, tifu! Wakakimbia. Kisimani wakasikia kisauti chembamba kutoka chini. Mama akajifunga kamba, akashuka. Bi. Punda akavuta. Kwato zikateleza. Akavuta. Kamba ikamchuna shingo. Akavuta. Huko kanisani, ndu! ndu! ndu! Mama akatokea na mwanawe kifuani, mguu umevunjika, lakini anapumua.

Jumatatu asubuhi Kasuku akamjia Nungunungu na simu. "Mtume! Video ya jana imetazamwa na pori zima!"

Nungunungu akaitazama. Pale nyumbani hapakuwa na moshi, na kamera ilikuwa imesimama karibu na mama, maneno yakasikika. Akaitazama tena. *Kisimani.* Amesema kisimani. Akaiona na mikono yake mwenyewe ikipiga makofi. Simu ikamponyoka. Akakimbia mpaka kwa Mama Digidigi.

"Bwana asifiwe, mama."

Mama hakuitika. Mtoto amelala, mguu umefungwa kwa maganda ya mti. Bi. Punda anakoroga uji.

"Mbona hamkuniita?"

"Alikuita," Bi. Punda akasema, bila kuacha kukoroga. "Ukapiga makofi."

Nungunungu akakaa chini. Akalia mpaka miba ikagongana, cha, cha, cha.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusikia, Mchungaji. Lakini leo siwezi. Njoo kesho."

Akaja kesho, na mtungi wa maji. Akaja keshokutwa, na kuni. Kila siku akisema Bwana asifiwe, na kila siku kimya.

Jumapili akasimama kanisani bila koti. "Leo hatuna muziki wala mahubiri. Mtoto aliomba msaada kupitia mdomo wa mama yake, nami nikamdhihaki. Mimi ndiye wa kwanza kutubu. Na kisima bado kiko wazi. Tukabebe mawe."

"Mawe?" Kasuku akapiga kelele. "Nani atatazama mawe?"

Akaruka, puru! Akavuka mto, na spika zikabebwa nyuma yake. Waliomfuata ni wengi, sitawadanganya. Waliobaki hawakujaza hata mabenchi mawili. Wakabeba mawe. Wakabeba mpaka mabega yakawaka. Alasiri kisima kikawa kimefunikwa.

Siku ya tisa Nungunungu akapiga hodi tena. "Bwana asifiwe, mama."

Mama Digidigi akafungua mlango.

"Amen," akasema. "Ingia. Lakini leo usiseme kitu. Keti tu na mtoto."

Akaketi.

Sasa sikilizeni, wakubwa kwa wadogo. Spika si dhambi, na taa si dhambi. Lakini kanisa linalotaka kutazamwa kuliko kusikiliza, siku ya msiba litapiga makofi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda aende nayo, na iliyemwasha asinitazame mimi, ajikune mwenyewe.