Nesi wa Bondeni na Jino la Nyani

Kabla sijaanza, apeni. Mkono kifuani, wewe mtoto wa mbele, na wewe baba mtu unayejifanya unasinzia. Semeni: haya hatutayatoa nje. Vizuri. Nami niliapa hivyo hivyo mbele ya Kanga aliyenisimulia, na mnaniona, nayatoa. Ndivyo nilivyo. Nanyi mkiyatoa, msinitaje.

Paukwa!

Pakawa!

Ah, mmelegea. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiamkiana njiani kama sisi, kulikuwa na Mlimani na kulikuwa na Bondeni. Mlimani alikaa Ndovu, mkubwa wa wote. Mlimani lilikaa baraza. Mlimani uliota mti wa dawa ya homa, mmoja tu. Na Bondeni? Bondeni kulikuwa na tope, na mbu, na homa.

Lakini Bondeni walikuwa na Shashi. Mnamjua, yule ndege mdogo anayepanda mgongoni mwa Nyati kuokota kupe. Shashi ndiye nesi wao. Asubuhi, pru! yuko kwa Nyati. Mchana, pru! yuko kwa Bi Kuro, yule swala wa kando ya maji. Kila mgonjwa humwambia, "Fungua mdomo, sema aaa." Akimaliza, to! hutoboa tundu moja kwenye jani lake. Mgonjwa mmoja, tundu moja. Jani hilo haliachi.

Sasa, kila mwezi ukiandama, Ndovu hugawa mbegu za dawa. Fungu la Bondeni hulibeba Nyani, maana ana mikono ya kubebea. Akiambiwa peleka, husema, "Mara moja, Mkubwa wangu!" Kumbe mbegu zile nje ni tamu, uchungu uko ndani. Nyani hufika njiani, huzijaza mashavuni, hufyonza utamu, mfyu, mfyu, na dawa huitema majanini. Akirudi hutikisa kichwa. "Ah, watu wa Bondeni, Mkubwa! Wanazitupa. Nimeziona kwa macho yangu, zimezagaa njia nzima."

Mnamwona huyo?

Mwezi ule mtoto wa Bi Kuro akashikwa na homa. Siku ya kwanza hakunyonya. Siku ya pili hakusimama. Bi Kuro akalia, "Dada Shashi, mwanangu anakwenda! Dawa iko wapi?"

"Sina dada. Lakini nakwenda kuisemea."

Maana habari zilikwisha kushuka. Baraza linataka kupitisha sheria: Bondeni wasipewe tena mbegu hata moja, kwa kuwa wanadharau.

Kulipopambazuka siku ya tatu, Shashi akamwendea Nyati. "Kaka, nipeleke Mlimani."

"Mimi na Mlimani wapi na wapi?"

"Nani alikutoa kupe sikioni ulipokuwa unajigonga miti kama mwendawazimu?"

"Wewe, dada."

"Basi twende."

Kwata, kwata, kwata, mpaka Mlimani. Wakakuta mbegu zimekwisha gawiwa, na Nyani kakumbatia kibuyu chake cha kubebea fungu la Bondeni. Ndovu anasema, "Leo ndiyo mwisho kwa Bondeni. Nani ana neno?"

"Mimi," ikatoka sauti ndogo.

Wakacheka. "Mwokota kupe!" "Naye ana neno!" Ndovu akasema, "Mwanangu, hapa husema mwenye pembe."

"Mkubwa, kwani nimesimama juu ya nini?"

Wakatazama. Shashi huyo, kwenye ncha ya pembe ya Nyati. Ndovu akacheka mpaka masikio yakapiga papa-papa. "Pembe ni pembe. Sema."

Shashi akainua jani. Jua likapita kwenye matundu kama kwenye chekeche. "Kila tundu ni mgonjwa niliyemgusa mimi. Hili la mwisho ni mtoto wa Bi Kuro, na leo ni siku yake ya tatu. Bondeni hawatupi mbegu, Mkubwa. Hata rangi yake hawaijui. Nipeni mimi nizipeleke. Nyingine tuzipande huko huko, tuwe na mti wetu. Na sheria ya wagonjwa msiipitishe kabla hamjamuuliza anayewauguza."

Ndovu akageuka.

"Nyani," akaita Ndovu, "mbegu za leo ziko wapi?"

Nyani akaonyesha kibuyu. Nyati akakisukuma kwa pembe. Kikabiringika, kwala-kwala-kwala. Kitupu.

"Sema, Nyani!"

Nyani akajishika shavu. Mashavu yamevimba kama vitumbua, leo hakungoja kufika njiani. "Jhino," akaguna. "Jhino lhinauma."

Wenzangu! Maradhi yote hayo duniani, na yeye anatangaza jino mbele ya nesi!

"Pole sana, kaka," akasema Shashi, na pru! akatua begani mwake. "Ungesema mapema. Fungua mdomo."

"Mm-mm."

"Hata mtoto wa Bi Kuro alifungua, naye hana nguvu. Sema aaa."

"Mm-mm!"

Shashi akamgonga shavu. To! To! To!

"Aaaa!"

Pwata! Pwata! Pwata! Mbegu, na mbegu, na mbegu, zote miguuni pa Ndovu, zimelowa mate, baraza zima linatazama.

"Jino limepona," akasema Shashi.

Ndovu akasema, "Sheria ni hiyo aliyoisema nesi. Chukua mbegu mpya, ruka!" Shashi akaruka. Jioni mtoto wa Bi Kuro akanyonya. Mama yake hakuwa na cha kutoa, akamlamba Shashi mpaka manyoya yakalala. Na Nyati mpaka leo Shashi akimpanda hamtikisi. Hiyo ndiyo ahsante yake. Nami nikikutana na nesi wa zahanati yetu, namwamkia mimi kwanza, na uzee wangu huu.

Mafunzo ni haya, nayasema wazi: anayekuuguza ndiye anayejua unapoumia. Mpeni nafasi barazani, msikilizeni, na mkipona mshukuruni.

Hadithi yangu imeishia hapo nilipomwacha Nyani: mdomo wazi, mbegu miguuni, na watu wote wanamtazama. Nanyi kumbukeni, mliapa!