Kwa Nini Mwali Hubebwa Mabegani

Zamani hizo, wakati mto Luhombo ulipokuwa bado haujaamua upite wapi, neno mwali halikutamkwa na mtu aliyeketi. Msicheke. Aliyeketi alisimama kwanza, akajikung'uta vumbi, ndipo akalitamka. Leo mnalitamka mmelala chali, tena kwa kumsimanga mtoto aliyechelewa kufagia uwanja: "Mwali wewe, umeshaamka?" Basi kaeni vizuri mlisikie neno hilo lilikotoka.

Watu wa Mbwera walilima bondeni. Kila masika mto ulifurika ukalala juu ya mashamba yote, na maji yalipokwenda yaliacha tope laini, limesawazika kama uji kwenye sahani. Mpunga uliota vizuri mno katika tope lile. Tabu ni kwamba miti ya mipaka ilikwenda na maji, na hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika shamba lake linaishia wapi. Ndugu wa tumbo moja walitoana damu kwa kipande cha ardhi kisichozidi upana wa jembe.

Wakawapa wazee kazi ya kupima, kila mzee akajipendelea. Wakawapa wake za watu, nao wakavuta upande wa waume zao. Mwishowe wakamwendea msichana aliyevunja ungo mwaka ule. Huyo alilijua bonde tangu alipokuwa mgongoni mwa mama yake, amelipalilia, ameamia ndege, na alikuwa bado hajaingia katika nyumba ya mume ambayo angeitetea. Wakamwambia atembee. Alitembea peku, na pale mguu wake ulipotua, wanawake waliomfuata walichomeka kijiti cha mbono. Mpaka haukuwa mpaka hadi ukanyagwe na mguu wake, na ukishakanyagwa hapakuwa na ubishi. Huyo ndiye aliyeitwa mwali.

Mwali wa wakati huo alikuwa na sauti. Alisema mbele ya wanaume, akabisha, akacheka akitaka. Tope lililomkaukia miguuni halikuoshwa mpaka kijiti cha mwisho kimechomekwa, na akina mama waliwaonyesha wageni miguu ile kwa majivuno. Kumwita mwali msafi kulikuwa tusi.

Mwaka mmoja zamu ilimfikia Siwema, binti wa Kidawa mfinyanzi. Alikuwa msichana mrefu wa hatua ndefu, na tangu utotoni aliwafuata wenzake waliomtangulia akikanyaga nyayo zao. Siku alipoambiwa kuwa sasa ni yeye, alikwenda bondeni peke yake akaipita mipaka yote kwa macho, maji yakiwa bado yamejaa.

Mwaka huohuo mkuu wa nchi, Jumbe Lusewa, alikuwa amelitia jicho shamba la Mazoea. Mazoea alikuwa mjane mwenye watoto wadogo, na shamba lake lilikuwa penye kiwiko cha mto, mahali ambapo udongo hubaki na unyevu hata kiangazi kikali. Hakuwa na kingine cha kuwalisha wanawe. Jumbe alikuwa na mashamba ambayo hakuwahi hata kuyatembelea, lakini tumbo la mtu wa namna ile halina sakafu. Akaenda kwa kina Siwema na shanga za shingoni.

"Mwanangu," alisema, "ukifika kwenye kiwiko, kata kona kidogo. Miguu yako ipumzike."

"Baba Jumbe, miguu yangu haijachoka," Siwema akajibu. "Shamba la mama Mazoea linaishia kwenye jiwe jeupe. Na wewe unalijua."

"Nalijua. Nauliza kama unanijua mimi."

"Nakujua. Na jiwe nalijua pia."

Jumbe akacheka, akaziacha shanga, akaondoka amefura. Hakuweza kumfukuza mwali, maana nchi nzima ingemgeuka. Hakuweza kumtisha, kwa sababu alishaona hatishiki. Basi akafanya jambo baya kuliko hayo mawili: akamtukuza.

Aliita watu uwanjani. "Jamani, hivi hamwoni aibu?" akasema. "Mwali wetu, pambo la nchi hii, anakanyaga tope pamoja na vyura! Jua linamchoma, kila mpita njia anamkodolea macho. Mtu mkubwa kama yule ni wa kukaa ndani, apakwe mafuta, alishwe vinono. Siku ya mipaka tutambeba mabegani, kama mimi ninavyobebwa."

Watu wakapiga vigelegele. Ndiyo, vigelegele! Hapakutolewa mkuki, hakufungwa mtu kamba. Walivikwa kilemba cha ukoka mchana kweupe, wakakishika kwa mikono miwili kisije kikaanguka. Kidawa alilia kwa furaha kwamba mwanawe atabebwa kama Jumbe. Alipokea mbuzi aliyetumwa na Jumbe, akamchinja, akala. Kisha akamkalisha Siwema kwenye mkeka mpya, akamsugua miguu, akampaka mafuta ya mbono, akamwingiza chumba cha ndani na kumweka kungwi mlangoni.

"Mama," Siwema aliuliza, "nikibebwa, mpaka utakanyagwa na nani?"

"Usiwe na maneno mengi. Unataka kuniaibisha mbele ya Jumbe?"

"Mama, mimi ni mwali."

"Ndiyo maana nakwambia ukae."

Hilo lilikuwa geni. Kabla ya hapo hakuna msichana wa Mbwera aliyeambiwa akae kwa sababu ni mwali. Siwema alikaa mle chumbani akiyasikia maji yakipungua bondeni, na nyayo zake zikalainika. Kila mwanamke aliyeingia alizishika na kuzisifu, eti laini kama za mtoto mchanga. Siwema alitamani kuwatemea mate.

Siku ya mipaka ilipofika, vijana wa Jumbe walimnyanyua mabegani. Ngoma zilitangulia, wanawake wakafuata na vijiti vyao, wakachomeka mahali walipopita wabebaji. Kwa mashamba ya mwanzo mambo yalikwenda sawa, kwa hiyo kila aliyeona lake limepimwa vizuri akaridhika akacheza ngoma. Walipofika kwenye kiwiko cha mto, wabebaji wakaliacha jiwe jeupe mbali kule, wakalikata shamba la Mazoea katikati, wakamwachia ukanda usiotosha kutandika mkeka.

"Siyo huku!" Siwema akapiga kelele. "Jiwe liko kule! Niteremsheni!"

Jumbe akawapa ishara wapiga ngoma. Ngoma zikapigwa kwa nguvu ambayo haikuwahi kusikika Mbwera. Siwema akarusha mateke, vijana wakamkaza vifundo vya miguu. Waliokuwa mbali waliona mdomo wake ukifunguka, wakasema anaimba. Wanawake waliokuwa karibu walimsikia. Walimsikia vizuri kabisa, na waliendelea kuchomeka vijiti.

Ndipo Mazoea akasimama mbele ya msafara na wanawe. Desturi ilimruhusu mwenye shamba kumwuliza mwali swali, na mbele ya desturi hiyo hata Jumbe alilazimika kuzinyamazisha ngoma.

"Mwali," Mazoea akauliza, "hapa ndipo ulipokanyaga?"

Siwema akavuta pumzi ajibu. Kabla hajatoa neno, Kidawa, aliyekuwa akitembea kando ya wabebaji, alijinyoosha akamziba kinywa kwa ncha ya nguo. Alikuwa ameliona jicho la Jumbe, na mbuzi wa Jumbe alikuwa ameshamla.

"Mwali hasemi na watu," Kidawa akasema.

Hata Jumbe alishtuka. Jambo hilo yeye mwenyewe hakuwa amelifikiria, na lilimpendeza sana.

"Mmemsikia mama yake," akasema. "Mwali hasemi."

Mazoea akawatazama wanawake wenzake. Alikuwa amewasaidia kuzaa, amewapikia misibani. Kila aliyetazamwa aliinamia kijiti chake, kwa sababu kumtetea Mazoea kungekuwa kukiri kwamba walipiga vigelegele vya kijinga, na hilo liliwashinda. Ngoma zikaanza tena. Mazoea akawashika watoto mkono, akapanda nao mlimani kwenye changarawe. Kiangazi kilipokuja, mtoto wake wa mwisho alikufa kwa njaa huko juu, na wanawake wale wakapanda kumzika wakilia kwa sauti kubwa. Machozi hayo Mazoea hakuyapokea.

Siwema alirudishwa ndani. Hakusema tena na mama yake mpaka alipotolewa kuolewa na mpwa wa Jumbe, na hata siku hiyo alimuaga kwa kichwa tu. Mwaka uliofuata alibebwa msichana mwingine, na baada yake mwingine, mpaka hapakubaki aliyekumbuka kwamba mwali aliwahi kutembea. Watu wa Jumbe wakajichomekea vijiti wapendavyo. Neno likabaki bila kazi, na neno lisilo na kazi kila mtu hulituma anakotaka. Wakasema mwali ni msichana anayefichwa. Wakasema ni anayengoja kuolewa. Walipochoka wakasema ni mvivu asiyejua kushika ufagio. Mguu wake hakuna aliyeutaja.

Na tangu siku hiyo mwali huwekwa ndani, hupakwa mafuta, hukatazwa kusema, na siku ya kutolewa hubebwa mabegani asikanyage chini. Na ngoma yake hupigwa kwa nguvu kuliko ngoma zote, hata ya harusi, hata ya mavuno. Mkiwauliza wapigaji watawaambia wanapiga kwa furaha, na huenda siku hizi ni kweli, kwa sababu hawajui. Ngoma ile ilianza kupigwa hivyo ili mtoto aliyekuwa akisema "niteremsheni" asisikike.