Kanzu Iliyombana Mgeni

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Atakayesinzia nitamtia ndani ya hadithi, tena upande wa zimwi. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini habari za mazimwi hazifundishwi darasani, na kwa habari hizo niulizeni mimi, msimuulize mwalimu.

Basi, alikuwako mshonaji, jina lake Mize. Kanzu za mkono alizozishona, ukivaa moja inakukaa kama umezaliwa nayo. Watu wakasema, "Mize hashindwi." Naye akalipenda neno hilo, jamani, akalipenda kuliko wali wa nazi.

Siku moja asubuhi akaja mgeni. Hakuvuka kizingiti. Hakukaa mkekani. Hakunywa maji. Kavaa joho refu linaloburutika chini, kichwa kakifunika, miguu haionekani. Kuku wote wakaingia uvunguni, saa tatu za asubuhi! Na nzi waliojaa mlangoni wakapungua, wakapungua, wakaisha. Walikwenda wapi? Nauliza tu.

"Bi Mize, nimeambiwa hushindwi."

"Hujadanganywa, baba."

"Basi nishonee kanzu. Kitambaa hiki, uzi huu, mkono wako peke yake. Asikusaidie mtu."

Pale uani alikuwapo wifi yake, Siwema, dada wa mumewe, anapepeta mchele. Mgeni alipokwisha kupimwa pale mlangoni akaondoka, Siwema akaenda kutazama njia.

"Wifi, mtu gani yule? Nyayo hana. Kaacha alama kama pameburutwa gunia."

"Wewe kila mgeni unamtilia shaka. Hata mimi nilipoolewa hapa ulisema nina kwato."

"Na mpaka leo sijakutazama miguu vizuri," akasema Siwema.

Basi Mize akashona siku saba. Kidoleni kavaa subana yake ya shaba, ile kofia ndogo ya kuzuia sindano isimchome, imemkaa barabara. Mgeni akaja, akavaa. Kanzu ikambana mabegani.

"Umenipima vibaya, fundi."

"Mimi? Mimi sipimi vibaya!"

"Basi fumua, ushone tena. Mize hashindwi."

Mize akafumua. Akapanua mabega, akashona siku saba nyingine. Subana ikaanza kucheza kidoleni. Mgeni akaja, akavaa. Kanzu ikambana tumboni.

"Fumua, ushone tena. Mize hashindwi."

Mize akafumua. Akaongeza vipande vya ubavuni, akashona mpaka shingo ikamkakamaa. Subana ikadondoka yenyewe, ikabingirika chini. Akaifunga kidoleni kwa uzi. Bangili zikampita mkono, zikaanguka. Akazitia kikapuni, akaendelea kushona.

Siwema akashika futi ya kupimia nguo. "Wifi, hebu. Mgeni wako ameongezeka kiasi gani tangu siku ya kwanza?"

"Shubiri moja kiunoni."

Siwema akaizungusha ile futi kiunoni mwa Mize. "Na wewe umepungua shubiri moja kiunoni. Shubiri ile ile, wifi! Itupe kanzu hii."

"Niitupe? Nimeihangaikia siku zote hizi! Imebaki kipande cha kikwapa tu."

"Juzi ulisema imebaki kola tu."

"Juzi nilikosea."

"Utakufa umekosea."

Mize akanuna, akatunga uzi kwenye sindano. Mara ya kwanza ukakosa tundu. Mara ya pili ukakosa. Mara ya tatu ukaingia.

Basi siku ya tatu ya kujaribisha, mgeni akaja amevimba kama gunia la mbata. Akajisokomeza ndani ya kanzu. Mikono ikabanwa ubavuni, haipandi, haishuki. Wala hakukasirika. Akacheka.

"Kitendawili!"

Mize, kwa mazoea tu, akajibu, "Tega!"

"Nguo yangu hushonwa kila siku, hainitoshi kila siku."

Mize akafungua mdomo aombe siku saba nyingine. Akashikilia nguzo.

"Toa mji, wifi," Siwema akanong'ona. "Kama hujui, toa mji."

Nanyi mnajua. Asiyejua kitendawili hutoa mji, na mtegaji akiupokea, lazima aseme jibu. Hata zimwi halina ujanja hapo. Lakini kutoa mji ni kusema nimeshindwa, na neno hilo Mize hajapata kulisema tangu azaliwe. Akaitazama subana iliyofungwa kwa uzi.

"Nimeshindwa," akasema. "Nakupa mji."

Mgeni akaacha kucheka. "Mji gani?"

"Nakupa Tanga."

"Sitaki, nilikwisha kula huko."

Mnasikia maneno hayo?

"Nakupa Mombasa."

"Sitaki, kuna kelele."

"Nakupa mji wenye watu wasiohesabika. Hawana kufuli, hawana bunduki, na wote ni wanono."

Mate yakamtoka mgeni. "Nimepokea!"

"Basi sema jibu."

"Jibu ni mimi! Kila ukipiga mshono, nala mwilini mwako. Wewe unapungua, mimi nanenepa, kanzu itatosha lini? Ningekumaliza kwenye pindo!"

Kusema hivyo, kile kifuniko cha kichwa kikamwanguka. Lo! Kisogoni pana mdomo wa pili, umejaa nzi. Zimwi!

"Mji wangu uko wapi?"

"Nyuma ya banda la kuni," akasema Mize, "chini ya gogo."

Zimwi likajiburura mbio, likasukuma gogo kwa kifua, likatia kichwa kizima shimoni. Siafu!

Siafu wakauma, likataka kuwapangusa, mikono imebanwa na kanzu. Siafu wakauma, mkono wa Mize ukajaa. Siafu wakauma, mashavu ya Mize yakarudi. Wakauma mpaka pakabaki kanzu tupu juu ya majani.

Siwema akaikung'uta, akaileta. "Kitambaa kizuri, wifi. Sasa haina mwenyewe, si umalizie kile kikwapa?"

Mize akachukua mkasi, akaikata vipande vya kushikia sufuria. Kimoja kikatoka kombo, upande mmoja mrefu, upande mmoja mfupi. Akakishika, akakigeuza, akaanza kutafuta sindano ya kukinyoosha.

Siwema akamtazama.

Mize akacheka, akaepulia nacho chungu cha wali.

Hadithi yangu imeishia hapo, jungu limeshaepuliwa. Na neno lake ni hili: kazi ikiwa kila ukiirudia wewe ndiye unayeisha, sema nimeshindwa, uiweke chini, ule chakula chako. Hakuna aliyekufa kwa kulisema.