Farasi wa Vuhovi na Fimbo ya Salamu

Wahenga walinena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo ni ukuti mkavu tu wa kusukia mkeka. Hauna jino wala sumu. Lakini usimcheke anayeuruka. Muulize kwanza nyoka wake alikuwa yupi.

Katika miaka ile ya vita, askari waliopita Lubero, mashariki mwa Kongo, walimtwaa farasi katika shamba lililokimbiwa na mwenyewe. Walimbebesha masanduku ya risasi kuelekea Beni, na kila mlima ulipomshinda walimcharaza fimbo za kichwa. Alipoanza kuuma watu, walimtupa katika kijiji cha Vuhovi kama gunzi lililokwisha kugugunwa. Mzee Stanislas, katekista mstaafu, akamwingiza katika ua wake.

Stanislas alikuwa amenyooka kama mkalitusi, mwili na tabia. Katika ukoo wake mzee hakutoka bila fimbo, na alipokutana na mtu aliiinua juu kwa salamu. Basi kila asubuhi aliingia uani, akainua fimbo, akamsalimia farasi kwa heshima zote. Farasi naye alijibanza kwenye ua wa matete, macho yamemtoka pima.

"Mnyama huyu hana adabu!" alilalamika Stanislas. "Namsalimia, ananigeuzia matako!"

Mkewe Kavugho, aliyekuwa akimenya viazi, alicheka hadi kisu kikamponyoka.

"Papa Lusenge, weye unamusalimia, yeye anaona unakuya kumupiga. Weka iyo fimbo chini."

"Mimi? Nitembee mikono mitupu kama mtu asiye na ukoo?"

"Basi endelea kusalimia matako."

Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kesho yake aliiegemeza fimbo mlangoni, akaingia akichechemea kwa goti lake bovu, akaketi kwenye kigoda akiwa amempa farasi mgongo. Alifanya hivyo hadi asubuhi moja aliposikia pumzi ya moto shingoni mwake. Hakugeuka. Tangu hapo mgongo wa mzee ukawa kimbilio la farasi: akitishika, huuegemezea kichwa. Polepole akakubali kubebeshwa gunia tupu mgongoni, kisha la viazi, na mwishowe Kavugho mwenyewe.

Hazikupita siku nyingi, Falonne, mke wa mwana wao Lusenge, akashikwa na uchungu wa kuzaa. Mkunga alimpapasa tumbo, uso ukamsawijika. "Mutoto amelala kiubavu. Mumufikishe hospitali ya Butembo leo, ao tutazika babili."

Wa kubeba machela hawakuwapo. Wanaume wote, Lusenge akiwamo, walikuwa wamejificha porini wasikamatwe kubeba mizigo ya askari. Falonne akapandishwa juu ya farasi, na Stanislas akashika kamba, mikono mitupu.

Karibu na mji, mwanzi mrefu wa kizuizi ulikuwa umekingama barabarani, na kamba yake mkononi mwa Jephté, askari aliyetoka jimbo la mbali.

"Nzambe, Mungu wangu! Muzee, unapeleka bibi-arusi wapi juu ya punda murefu?"

"Ni farasi, na huyu anazaa. Nakuomba, usiuinue mwanzi. Farasi akiuona juu ya kichwa chake atatimka, na mwanamke ataanguka. Ulaze chini tupite juu yake."

"Barrière inapandaka, haishukake. Weye ndjo utanifundisha kazi?"

"Tata, naanguka," Falonne alimwambia baba mkwe wake akiguna.

Jephté akavuta kamba. Mwanzi ukaanza kupanda. Farasi akalaza masikio, ngozi ikamtetemeka, miguu ya nyuma ikajikunja tayari kuruka. Stanislas akageuka upesi, akamgandamiza kifuani kwa mgongo wake, na moyo wa mnyama ukampiga mbavuni kama ngoma. "Mwanangu, nakusihi," alimwambia Jephté, yeye ambaye hakuwahi kumsihi mtu.

Papo hapo, kwenye moto wa kupikia wa askari, kipande cha mwanzi mbichi kikapasuka: paa! Farasi, aliyezoea bunduki, alitikisa sikio tu. Jephté, kwa upande wake, alikuwa ameachia kamba na kulala kifudifudi matopeni, mikono kisogoni. Mwanzi wa kizuizi ulianguka mahali pake.

"Jephté, kuni imekuua?" wenzake waliangua kicheko.

Stanislas hakucheka. Alimnyooshea mkono. "Inuka, mwanangu. Sikuulizi ulipigiwa wapi. Hata farasi huyu hakuna aliyemuuliza."

Jephté alimtazama mzee, kisha farasi anayetetemeka. Akafungua kamba, akaulaza mwanzi chini, akarudi nyuma na mikono mgongoni. Farasi aliunusa, akainua kwato moja, kisha nyingine, akavuka.

Kabla jua halijatua, Falonne alikuwa amepasuliwa na daktari na kunusurika, na mtoto wa kike alikuwa akilia kwa sauti iliyojaza ukumbi.

Stanislas aliporudi Vuhovi alichukua fimbo yake, akaenda nayo hadi kwenye lango la ua, akainama kwa taabu na kuilaza chini kabla ya kuingia. Hakuona aibu tena, kwani alikwisha kushuhudia kwa mnyama na kwa mwanadamu kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.