Upepo wa Bondeni

Wapendwa, nisikilizeni vizuri, maana mfano huu unanitia hofu mimi mwenyewe.

Mama mmoja wa mjini alikuwa msafi kupindukia. Kila asubuhi alifagia uwanja, akakusanya pampasi, chupa za plastiki na mifuko, akarundika vyote nyuma ya nyumba. Lakini hakuwasha ovyo. Kwanza alirusha majivu kidogo juu. Yakirudi upande wake, anangoja. Yakielekea bondeni, anawasha kiberiti. Nguo zake kwenye kamba hazikuwahi kunuka moshi. Nani kati yetu hajawahi kupima upepo namna hiyo?

Akishawasha, anambeba mwanawe wa mwaka mmoja, anampeleka kwa mama anayelea watoto, kisha anakwenda kazini.

Mtoto akaanza kukohoa. Kikohozi kikakataa dawa. Asubuhi moja mama akiwa kazini, mlezi akampigia simu aje mbio: kifua kimebana, mbavu zinaingia ndani kila mtoto akivuta pumzi, midomo imebadilika rangi. Mnaijua hofu hiyo? Kumshika mwanao, na hewa haiingii?

Hospitali wakamwekea mashine ya mvuke. Daktari akauliza, "Mama, nyumbani mnachoma taka?"

"Nachoma, daktari, ila moshi hauingii kwangu hata kidogo."

"Mtoto anashinda wapi?"

"Kwa mama mmoja anayelea watoto. Yupo... yupo bondeni."

Akashika simu, akampigia jirani. "Dada, ruka ukuta! Mwaga maji, zima huo moto!" Kwa yule mlezi walikuwa wamebaki watoto watano wa watu wengine.

Na sisi je? Lori likitema moshi mweusi, tunapandisha kioo. Gereji wakichoma matairi, tunafunga dirisha. Pumu na magonjwa ya moyo yanaingia nyumba hadi nyumba, nasi tunauliza nani katuroga. Tunajua moshi unatoka wapi. Hatuulizi unakwenda kwa nani.

Naogopa kuwaambia, lakini nitasema. Leo kabla hamjafika nilichoma taka nyuma ya kanisa, ili mkute pasafi. Nikahakikisha upepo hauji humu ndani. Ulikuwa unaelekea kwenye darasa la watoto.

Nyamazeni kidogo. Mnawasikia wanavyokohoa?

Inukeni. Mahubiri yatangoja. Leteni ndoo, twendeni tukazime.